Judo Juu ya Ploti: Mazoezi ya Peke Yako Yanafika Wapi

Nafundisha judo hapa Nairobi, na hakuna swali ninaloulizwa kama hili: "Kocha, naishi Utawala, dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, iko Parklands, natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Siwezi kujifundisha mwenyewe?" Toa Utawala uweke Rongai, Githurai au Kitengela, swali ni lile lile. Ukiangalia ramani, si mbali. Lakini kwa matatu ya jioni, mvua ikiwa imenyesha, utafika wenzako wakikunja sare kurudi nyumbani. Na hapo sijataja nauli.

Jibu langu huwaudhi wengine. Unaweza, ila inategemea unataka mchezo gani. Judo, mchezo ninaoufundisha, ni mojawapo ya michezo migumu kabisa kuanza peke yako.

Kano Jigoro alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, mazoezi yake aliyajenga juu ya nguzo mbili. Kuna kata, yaani hatua zilizopangwa ambazo wawili wanazifuata kwa makubaliano, na kuna randori, ambapo mmeshikana sare na kila mmoja anajaribu kweli kweli kumwangusha mwenzake. Hata hizo kata, karibu zote zinataka watu wawili. Sasa wewe uko peke yako, utavuta ukosi wa nani? Mieleka na jujitsu ya Brazil zina shida hiyo hiyo. Mwili wa mwenzako ndio kifaa cha mazoezi, na kifaa hicho hakiuzwi Gikomba.

Kareti ina nafuu. Kata zake nyingi mtu huzifanya peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na zile tano za Heian ambazo wanaoanza Shotokan, mmoja wa mitindo ya kareti, hufundishwa zilitokana na kazi ya Anko Itosu, aliyezitunga kufundishia wanafunzi wa shule kule Okinawa. Heian Shodan ina hatua 21 tu. Nafasi ya sebule ukisogeza meza inakaribia kukutosha. Shida ni kwamba unaweza kuifanya vibaya miaka mitano na pasitokee wa kukuambia.

Ndondi ndizo ninazomshauri mtu aliye mbali na kila kitu aanze nazo. Bondia yeyote, hata bingwa, hutumia muda mwingi peke yake: kamba, gunia, kupigana na kivuli. Tena Nairobi ni mji wa ndondi. Dhahabu ya Robert Wangila kule Seoul mwaka 1988 ndiyo pekee ambayo Kenya imewahi kupata kwenye Olimpiki nje ya riadha, na kumbi za jamii kama za Pumwani na Kariobangi zimelea mabondia kwa miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kusema hakuna shule karibu nawe, pita kwanza ukumbi wa mtaani jioni usikilize kama kuna sauti ya gunia.

Kama umeamua kuanza nyumbani, kuna kitu kimoja ambacho ningetaka kila mtu ajifunze hata kama hatapigana maisha yake yote. Ni kuanguka. Wajapani wanaita ukemi, na hii unaweza kuianza peke yako vizuri tu.

Mtu anaposukumwa nyuma, mkono hukimbilia chini wenyewe kumdaka. Hivyo ndivyo vifundo vya mikono na mifupa ya mtulinga inavyovunjika. Ukemi inafuta tabia hiyo. Tandika godoro jembamba au mablanketi mawili yaliyokunjwa. Chuchumaa, kunja mikono kifuani, kidevu kiguse kifua, macho yatazame fundo la mkanda wako, na kama huna mkanda, kitovu. Kaa chini karibu kabisa na visigino, kisha jiviringishe nyuma. Mgongo unapogusa godoro, piga chini kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, mkono mzima kuanzia kiganja hadi karibu na kwapa, ukiwa umeachana kidogo na mwili. Usipige kwa viwiko. Usiinyooshe mikono usawa wa mabega pia, maana hapo mshtuko unakwenda begani. Toa pumzi wakati wa kupiga. Kichwa kisiguse chini hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kidevu: kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na shingo ikilegea kinarushwa nyuma kwa nguvu yote ya anguko.

Rudia hivyo ukiwa umechuchumaa mpaka kidevu kiende chenyewe bila kukumbushwa. Wenye haraka huruka hatua hii wakaanza kuanguka wamesimama siku ya pili, tena juu ya saruji. Tafadhali. Na kama mahali pako pa mazoezi ni juu kabisa ya ploti, kati ya matangi na kamba za nguo, hakikisha ukuta wa pembeni unakufika angalau kifuani, na usiviringike kuelekea huko.

Kwa mitupo yenyewe, wanajudo hutumia mpira unaovutika kama mbadala wa mtu. Mwombe fundi wa baiskeli au wa bodaboda tyubu iliyochoka, izungushe kwenye nguzo imara (siyo bomba la maji, caretaker atakufukuza), shika ncha mbili na ufanye mazoezi ya kuingia: vuta, geuka, kunja magoti kidogo, mgongo uielekee nguzo. Miguu na kiuno vitaelewa. Lakini tyubu inavuta kwa namna ile ile kila siku, haikwepi, haikasiriki. Ukitegemea hiyo tu utakuwa hodari wa kutupa nguzo.

Gunia la ndondi ni rahisi kutengeneza. Lijaze nguo kuukuu na vitambaa vya fundi cherehani, usilijaze mchanga. Mchanga hushuka chini ukashikana, na baada ya muda unapiga jiwe. Funga bendeji hata kama huna glovu, ile ndefu ya mita 4.5 hivi inazunguka kifundo na vifundo vya vidole vyote. Ngumi ikitua vibaya, mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule wa kiganja upande wa kidole cha mwisho. Fanya kwa raundi za dakika tatu na kupumzika moja, kama ulingoni, na uegemeze simu kwenye mtungi ujirekodi. Utakapojitazama, acha kuangalia ngumi inayotoka, angalia ule mkono mwingine. Karibu kila anayejifundisha huushusha kutoka usoni bila kujua.

Video za mtandaoni sina ugomvi nazo, mradi uchague mwalimu mmoja ubaki naye. Kitu kimoja tu nakikataza kabisa kujifunza kwa video, nacho ni kukaba shingo. Ukiibana mishipa inayopeleka damu kichwani, mtu hupoteza fahamu kwa sekunde chache, na binamu yako hajui kwamba anatakiwa kugonga mapema kwa kiganja, ishara ya kukuambia umwachie.

Binamu ninamtaja kwa sababu lazima umtafute. Mtu huchukua karibu robo sekunde kuona kitu na kuanza kuitikia, na ngumi iliyotoka karibu haingoji hiyo robo. Anayeikwepa huwa ameshasoma bega, kiuno na nafasi iliyopo kati yenu kabla haijatoka. Usomaji huo hewa haikufundishi, wala gunia. Muhimu ni awe mtu wa kuaminika, hata kama hajui lolote. Simameni mkitazamana na mcheze kugusana mabega kwa kiganja wazi, baadaye magoti, bila kugusa kichwa. Unaonekana mchezo wa watoto, lakini baada ya dakika tatu mtakuwa mmelowa jasho na utakuwa umejua ni umbali gani unafikiwa na ni upi hufikiwi.

Halafu dojo yenyewe, mara moja kwa mwezi. Mkanda wa daraja huwezi kujipa mwenyewe, na ule wa kununua dukani nitautambua ukishanishika sare tu. Ukifika, mwambie kocha wazi kwamba umekuwa ukijifunza nyumbani, vaa mkanda mweupe wa anayeanza, na usimwombe akufundishe mtupo mpya. Mwombe akuangushe. Anguko la kwanza na la pili yatamwonyesha umefika wapi na nini cha kurekebisha, nawe utaondoka na kazi ya mwezi mzima. Jumamosi asubuhi barabara huwa afadhali. Piga simu kabla, uulize kama mgeni anaruhusiwa kulipia siku moja, maana wapo wanaodai ada ya mwezi mzima mlangoni.