Je, wajua kwa nini simu huuona mkia wa nyotamkia ambao jicho haliuoni?

Oktoba 2024, nyotamkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ilipoonekana jioni, mtu aliyeitafuta kwa macho matupu kutoka mjini aliambulia kijiukungu, kama alikiona. Picha ya simu ilitoa mkia uliosimama wima. Wapo wanaodhani simu hutia chumvi. Hapana.

Jicho hukusanya mwanga kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kisha huanza upya. Simu ikiwekwa kwenye hali ya usiku inaweza kukusanya kwa jumla ya sekunde 10, yaani karibu mara mia. Isitoshe, seli za jicho zinazotambua rangi hazifanyi kazi gizani, ndiyo maana kila kitu huwa kijivu. Sensa ya simu, yaani kipande kinachonasa mwanga, haina shida hiyo: inanasa umanjano wa vumbi linaloakisi jua, hata ukijani wa gesi ya kaboni kichwani mwa nyotamkia.

Kwa nini basi tusiiache simu ikusanye kwa dakika tano? Kwa sababu dunia inazunguka. Anga husogea nyuzi 15 kwa saa, na nyota zitageuka mistari. Ili kujua mwisho wa sekunde kabla mistari haijaonekana, wenye kamera kubwa hugawanya 500 kwa milimita za lenzi: lenzi ya milimita 50, sekunde 10.

Sisi wa Arusha tuna bahati ya kuwa karibu na ikweta. Jua huzama wima, giza huingia upesi. Katikati ya Oktoba jua lilizama kama saa 12:20 jioni, na kufikia saa 1:10 anga lilitosha, nyotamkia ikiwa magharibi, kulia kwa sayari ya Zuhura. Ukitoka kuelekea Kisongo, taa za mji zinabaki mgongoni. Wa Moshi waliotamani Kibo na mkia katika picha moja pole yao; mlima uko kaskazini.

Nyotamkia nyingine ikija, simu usiishike. Iegemeze kwenye jiwe au mfuko wa mchanga, futa lenzi (vumbi la huku mnalijua), gusa Zuhura, ikiwapo, kwenye kioo ili ilenge vizuri, kisha iweke ijipige baada ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Bodaboda ikipita na taa yake, piga tena. Na usingoje mno: tarehe 17 Oktoba ile mwezi ulikuwa mpevu, na mwanga wake humeza mkia.