Kupanga safari ya kayaki kwenye mito ya Rwenzori: anzia darajani

Watu wengi huniuliza kwanza kuhusu kayaki. Mimi naanza na maji, kwa sababu mto wa Rwenzori, milima ya magharibi mwa Uganda, unaweza kubadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Nenda kwenye daraja lolote la mto Mubuku, upande wa Bugoye, wilayani Kasese. Pima mita 10 ukingoni, tupa kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Kikifika kwa sekunde 8, maji ya juu yanakwenda mita 1.25 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana chini mawe huyapunguza kasi, upate kama 1.06. Upana ukiwa mita 8 na kina cha wastani nusu mita, zinapita mita za ujazo 4 na ushee kila sekunde. Andika namba hiyo, kisha chora mstari wa chaki kwenye nguzo, usawa wa maji. Ukirudi baada ya nusu saa na mstari umezama, ahirisha. Hakuna aibu.

Kisha shika ramani yenye mistari ya mwinuko. Mteremko wa mita 20 kwa kilomita tayari ni kazi. Ukipita 40, waachie wazoefu. Boti ya mpira usiilete huku, mto ni mwembamba mno. Yafaa Nile, kule Jinja.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mabanio, yaani kuta zinazokinga mto ili maji yaende kwenye mitambo ya umeme. Kati ya banio na mtambo mto hubaki na maji machache, kayaki ikakwaruza mawe. Chini ya ukuta wa banio maji hujizungusha na kurudi nyuma. Yanaonekana mapole, kumbe humshika mtu asitoke. Shuka mapema, beba kayaki begani, pita nchi kavu. Mti ulioanguka nao ni hivyo hivyo: maji hupita, mwili haupiti.

Usitegemee maelezo ya zamani. Mafuriko ya mto Nyamwamba, nao wa Rwenzori, ya Mei 2013 na Mei 2020 yalisukuma mawe makubwa hadi mji wa Kilembe. Njia ya jana huenda leo ni ukuta. Kila poromoko usiloliona mwisho wake, shuka ulikague kwa miguu.

Mwende watatu au zaidi, kila mmoja na kofia ngumu, jaketi la kuokolea, kisu, na kamba ya kurushia inayoelea, mita 15 hadi 20. Vaeni nguo za baridi. Ni ikweta, lakini maji yanatoka mlimani. Ukianguka, lala chali, miguu mbele. Usisimame kwenye mkondo unaopita magoti, mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakuinamisha.

Ingieni saa mbili asubuhi, mtoke kabla ya saa nane mchana, kwani mvua za mlimani hupenda alasiri. Maji yakigeuka kahawia, majani na vijiti vikaanza kuelea, au ukasikia mawe yakigongana chini, mvua imeshanyesha juu hata kama kwenu jua linawaka. Tokeni upande wenye njia ya miguu. Upande huo ni upi, mwulizeni mwenyeji siku moja kabla ya safari, mkiwa bado darajani.