Je, wajua kwa nini mnaokula sahani moja hamnenepi sawa?

Kila ukoo una mtu wa namna hii: sinia la pilau likija anakomba mpaka ukoko, na mkanda wake uko tundu lile lile tangu amalize shule. Pembeni yake kaketi dada yake, anajipakulia vijiko vitatu, na gauni la Idi iliyopita halifungi zipu. Wazee watasema mwili wa kaka hauna shukrani. Urithi una fungu lake kubwa hapo, na umri, usingizi na mwendo vina yao. Ila wapo walaji wengine ambao hatuwahesabu tunapogawa nyama.

Walaji hao ni bakteria wa utumboni. Mtu mzima wa kilo 70 anakadiriwa kubeba kama trilioni 38, na wote kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi, yaani hawafiki hata robo kilo ya sukari. Wengi wanaishi kwenye utumbo mpana, bomba la kama mita moja na nusu, na kazi yao ni kula mabaki. Sukari, mafuta na protini huwa vimeshanyonywa huko juu, kwenye utumbo mwembamba. Kinachoteremka mpaka kwao ni kile tusichokiweza: maganda ya maharage, nyuzinyuzi za mchicha, pumba za dona. Sisi hatuna vimeng'enya vya kuvunja vitu hivyo, wao wanavyo. Wanavichachusha humo ndani kama togwa kwenye mtungi, wanatoa gesi (hiyo unaijua) pamoja na asidi ndogondogo za mafuta ambazo mwili unazinyonya na kuzitumia kama nishati.

Sasa subiri. Kama wanakuokotea nishati ambayo ungeipeleka chooni, si ndio wanaokunenepesha?

Swali hilo liliulizwa kwa vitendo kwenye Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, na kundi la mtafiti Jeffrey Gordon. Mwaka 2004 walilinganisha panya wa kawaida na panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja. Panya wa kawaida walikula pungufu kwa asilimia 29, lakini walikuwa na mafuta mwilini zaidi kwa asilimia 42. Wale wasio na vijidudu walipopandikiziwa bakteria wa wenzao, mafuta yao yaliongezeka kwa karibu asilimia 60 ndani ya wiki mbili, bila kula zaidi.

Mwaka 2013 kundi hilo hilo lilitafuta pacha wa kike, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, likachukua bakteria kutoka kwenye choo cha kila mmoja na kuwapandikiza panya. Panya waliopewa vijidudu vya pacha mnene walijaza mafuta zaidi. Utamu uko kwenye hatua iliyofuata. Panya hula mavi ya wenzao, kwa hiyo ukiwaweka kizimba kimoja wanaambukizana bakteria. Walipochanganywa, bakteria wa mwembamba walihamia kwa mnene na kumzuia asinenepe, ila pale tu chakula kilipokuwa na nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Chakula kilipogeuzwa kuwa cha mafuta mengi na nyuzinyuzi chache, wageni hawakushika makazi.

Kwa binadamu mambo hayakwenda haraka hivyo. Huko Uholanzi, mwaka 2012, wanaume wanene walipandikiziwa bakteria wa watu wembamba. Miili yao ilianza kuitumia insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, vizuri zaidi, lakini kwenye mizani hakuna kilichobadilika.

Kinachoonekana kubadili hesabu ni kile unachowateremshia. Zile asidi za mafuta, zaidi ya kuwa nishati, hugusa seli fulani kwenye ukuta wa utumbo, nazo hutoa homoni za shibe, mojawapo ikiitwa GLP-1. Ndiyo hiyo inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi. Tusidanganyane lakini: homoni ya utumbo inakaa dakika chache tu kwenye damu, ile ya sindano siku kadhaa. Sahani ya kunde haitafanya kazi ya sindano.

Inafanya kiasi gani basi? Huko Florida watu 17 walikubali kuishi chini ya uangalizi, kila tonge likipimwa na choo chao kikikusanywa. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Walipokula nafaka zisizokobolewa na nyuzinyuzi kwa wingi badala ya vyakula vya kiwandani, bakteria waliongezeka, na kwa wastani kila mtu alipoteza kalori 116 zaidi kwa siku kupitia choo, bila kuhisi njaa zaidi. Kalori 116 ni kama nusu chapati. Si nyingi, lakini ni kila siku.

Hapa kwetu, watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwabadilishia vyakula vijana wa kiume wa Kilimanjaro, 77 kwa jumla, na kuchapisha matokeo mwaka 2025. Wa kijijini walipewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili, wa mjini wakapewa ndizi, kunde na mboga za asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja (naona kabisa waliogombania nafasi hiyo). Damu za vijana wa kijijini zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaoandamana na kitambi na kisukari. Za waliorudi kwenye chakula cha asili zilitulia.

Halafu kuna kiporo. Wali, viazi au ugali vikipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu, utumbo mwembamba ukashindwa kuuvunja wote, ukashuka kwa bakteria. Ukipasha moto, sehemu ya wanga huo hubaki hivyo hivyo. Masharti ni kukiweka kwenye friji mapema. Wali uliolala mezani huzalisha bakteria wa aina nyingine, wale wa kukukimbiza chooni.

Na zile chai za "kusafisha utumbo" mitandaoni? Soma pakiti: nyingi ni sanamaki, yale majani ya kuharisha. Sanamaki inafanya kazi utumbo mpana, wakati kalori zimeshanyonywa zamani huko juu. Kinachotoka ni maji, mizani inashuka Jumamosi na kurudi palepale Jumatatu.

Kama umezoea mkate mweupe na unataka kuhamia dona na maharage, usihame kwa siku moja. Loweka maharage usiku, mwaga maji, anza na upawa mmoja, kunywa maji ya kutosha. Tumbo litanguruma wiki mbili hivi mpaka lizoee. Mwenye maradhi ya utumbo azungumze kwanza na daktari.