Malezi ya utotoni na penzi la utu uzima: si kila kitu ni jini mahaba

Kila zinapokaribia Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, 25 Novemba hadi 10 Desemba, ofisi yetu ya ushauri nasaha hapa Malindi hupokea wanandoa wengi, na lalamiko huwa lile lile. Mke anampigia mumewe simu mfululizo, ilhali anajua yuko baharini na mtandao haushiki. Mume akirudi akaziona zile simu, ananuna, anatwaa mto wake na kwenda kulala barazani. Mke akiona hivyo, anamfuata huko huko akilia.

Wengi hutufikia wakiwa wameshamaliza waganga. Dua na imani ya mtu tunaviheshimu, lakini si kila mume mkimya amefungwa, na si kila mke mwenye wivu ana jini mahaba. Mara nyingi tunaona mazoea yaliyoanza mtu akiwa bado anatambaa.

Utafiti mmojawapo wa mwanzo kuhusu namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake ulifanyika jirani hapa. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwachunguza wachanga na mama zao katika vijiji vya karibu na Kampala. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, aliandaa jaribio: mama anatoka chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Kinachotazamwa zaidi ni namna mtoto anavyompokea. Yuko anayemkimbilia, akabembelezwa, akarudi kuchezea vitu vyake. Yuko anayemng'ang'ania huku akimpiga mateke. Na yuko anayejifanya hakumwona. Watafiti waliofuata waliongeza kundi la nne, la mtoto anayemwogopa yule yule anayemtegemea.

Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver waliwauliza watu wazima, kupitia gazeti moja la Marekani, kuhusu mapenzi yao, wakitazama yale makundi matatu ya kwanza. Zaidi ya nusu walijieleza kuwa watulivu, kama robo waliukwepa ukaribu, na karibu mmoja kati ya watano aliishi na hofu ya kuachwa.

Sasa, kuna kauli ninayoisikia kila mara na inanichosha: kwamba mama aliyekwenda Saudia kutafuta riziki ndiye aliyemharibu mtoto. Mtoto hushikamana na anayemwitikia akilia, awe bibi, shangazi au baba, na anaweza kushikamana na zaidi ya mmoja. Kinachomuumiza ni kuhamishwa nyumba hadi nyumba, na kutorokwa usiku akiwa amelala eti asilie. Muageni mchana, kwa jina lake, mumwambie atabaki na nani, hata kama atalia. Na mama akipiga simu ya video, mtoto akaficha uso kwenye leso ya bibi, msimkaripie kuwa hana adabu. Mwacheni akae hapo hapo asikie sauti, atachungulia mwenyewe. Akina baba nao wasijifiche: kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Mazoea haya hubadilika. Mwenza anayetimiza ahadi kwa muda mrefu huyabadilisha, na ushauri nasaha husaidia.

Lakini utoto mgumu haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inahusu pia mateso ya kihisia, ya kiuchumi, na hata kuingiliwa na wakwe. Msisubiri mpaka kuwe na jeraha. Ripoti kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia kama lipo, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Ukiwa umeumizwa, omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na mhudumu wa afya, ubaki na nakala. Kisha unaweza kuomba mahakamani amri ya ulinzi, inayomkataza anayekutesa asikudhuru. Anayeivunja hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Kuwa na kesi ya talaka kwa Kadhi hakukuzuii kuiomba. Simu ya 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

Wanaotaka ushauri tu hawahitaji barua ya chifu, wala hatumwiti mtu kwa nguvu. Njoo na mwenzako; akikataa, njoo peke yako.