Tarehe ya Kadi Imepita, Haki ya Kufanya Kazi Uingereza Bado Ipo

Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaofanya kazi Uingereza, wengi wao katika nyumba za wazee, hospitali na maghala, hutuletea sisi washauri wa uhamiaji swali moja tena na tena. Mtu ameomba kuongezewa kibali cha kukaa kabla cha zamani hakijaisha. Amelipa ada, ameshachukuliwa alama za vidole. Tarehe ya kibali inapita, jibu halijaja, na meneja anamwambia akae nyumbani mpaka alete karatasi mpya. Anatii, anaanza kukopa kodi ya nyumba, akiamini kwamba haki yake ya kufanya kazi imekwisha. Mara nyingi haijaisha, na inaumiza kuona familia ikikosa mshahara kwa jambo ambalo sheria ililiona mapema.

Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971 kinamlinda mtu huyu. Ukiwasilisha ombi lako ukiwa bado na kibali halali, kibali hicho kinaendelea pamoja na masharti yake mpaka ombi liamuliwe. Ombi likikataliwa, kinaendelea katika muda unaoruhusiwa kukata rufaa au kuomba uamuzi upitiwe upya, na pia wakati rufaa iliyokatwa kwa wakati inasubiri kusikilizwa. Ulinzi huu hauombwi kwa fomu yoyote. Sheria yenyewe inakupa.

Ndiyo maana tarehe ya kuishika sana ni ile uliyotuma ombi mtandaoni na kulipa ada, hata kama miadi ya alama za vidole ilikuja baadaye. Aliyeomba kusamehewa ada anahesabiwa tangu siku aliyoomba msamaha huo, mradi awasilishe ombi lenyewe ndani ya siku 10 baada ya kujibiwa. Hifadhi barua pepe ya kuthibitisha ombi, risiti ya malipo na namba ya ombi mahali ambapo hata simu ikipotea utavipata. Aliyechelewa hata siku moja hana ulinzi wa 3C, na akiendelea kufanya kazi anatenda kosa. Huyo atafute mwanasheria siku hiyo hiyo.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Zamani ulionyesha kadi ya BRP (kadi ya kibali cha kukaa), lakini kadi nyingi ziliandikwa kwamba zinaisha 31 Desemba 2024, na sasa hali ya mtu inasomwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji. Humo unatengeneza share code ya kazi (msimbo wa kuonyesha haki yako), inayoanza na herufi W na kudumu siku 90, unampa mwajiri naye anaiangalia mwenyewe. Kwa anayesubiri jibu, akaunti huweza kuendelea kuonyesha tarehe iliyokwisha. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani ilivunja sheria kwa kutowapa watu wa 3C uthibitisho wa kidijitali. Kesi hiyo ilifunguliwa na shirika la kutetea wahamiaji pamoja na mfanyakazi wa afya aliyekuwa amesimamishwa kazi kwa kukosa uthibitisho huo.

Kwa hiyo jaribu share code kwanza. Ikigoma, mwombe mwajiri atumie Employer Checking Service, huduma ya bure ya Wizara. Wewe huwezi kuiomba. Ni mwajiri tu. Mpe kila atakachoulizwa: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani, cheo chako kazini, saa unazofanya kwa wiki na namba ya ombi. Wizara ikithibitisha haki yako, inamtumia Positive Verification Notice, inayomlinda kwa miezi 6. Ikiwa hujajibiwa hadi muda huo uishe, anauliza tena.

Mwajiri naye ana sababu ya kuogopa. Tangu Februari 2024, faini ya kumwajiri asiye na haki inaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na 60,000 kwa anayerudia. Ila sheria ya uhamiaji ya mwaka 2006 inakataza kumwajiri asiye na *haki*. Kukagua nyaraka ni kinga ya mwajiri dhidi ya faini. Baraza la rufaa za kazi lilieleza hivyo mwaka 2017 katika kesi ya dereva wa basi aliyefukuzwa ingawa haki ya kufanya kazi alikuwa nayo. Tena, mwajiri akiridhika kwa sababu za msingi kwamba uliomba kabla ya kibali kuisha, kinga yake inaendelea hadi siku 28 baada ya tarehe hiyo, muda wa kutosha kupata jibu la Wizara. Mweleze meneja hayo kwa maandishi na kwa upole, mapema, kabla hajakuondoa kwenye ratiba ya zamu.

Kumbuka kwamba masharti hayabadiliki. Mwanafunzi mwenye saa 20 kwa wiki wakati wa muhula anabaki nazo. Na usisafiri. Ukitoka nchini ukaenda Kigoma au Mombasa, hata kwa msiba wa mzazi, ulinzi wa 3C unakatika na ombi lako linahesabiwa kuwa umeliondoa. Ni sharti gumu sana kwetu tunaozika pamoja. Msiba ukitokea, ongea na mshauri kabla ya kukata tiketi.

Ukisimamishwa bila malipo ingawa mwajiri amethibitishiwa, au akikataa kabisa kuuliza, piga simu Acas, shirika la ushauri wa migogoro ya kazi, mapema kwa sababu muda wa kulalamika ni mfupi. Kwa upande wa uhamiaji, nenda kwa wakili au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, na kama ni mshauri, hakikisha jina lake liko kwenye orodha yao mtandaoni kabla hujampa pasipoti au hela. Vishoka ni wengi, na baadhi yao tunasali nao.