Je, wajua kwa nini filamu isiyomtegemea stelingi mmoja hutafuta watu wa jukwaani?

Vijana wa hapa Langoni wanatayarisha mchezo wa kuigiza wa kuonyeshwa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Mpwa wangu amepewa kuwa baharia mwenye maneno manne: "Bwana nahodha, tanga limepasuka." Basi. Muda uliobaki anakaa chomboni na wenzake, kimya, mpaka onyesho liishe. Alinijia amenuna. "Mjomba, mimi pale ni pambo tu."

Sikubishana naye. Baada ya isha nikatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, nikamwekea 12 Angry Men, filamu ya Marekani ya mwaka 1957. Haina rangi, haina mapigano, na dakika zake 96 karibu zote zinapita ndani ya chumba kimoja. Wanaume 12, raia wa kawaida walioitwa na mahakama, wamefungiwa humo waamue kama kijana mmoja amemuua babake. 11 wanasema ana hatia. Mmoja anasema tuzungumze kwanza. Hawana hata majina, wanaitwa kwa namba. Wawili tu ndio wanaotajiana majina mwishoni, wakiagana kwenye ngazi za mahakama.

Nusu saa ikapita, mpwa wangu akauliza swali ambalo kila mtoto wa Pwani huuliza: "Stelingi ni nani?" Nikamwonyesha Henry Fonda, yule mmoja anayepinga. Akatazama tena, akauliza swali lililo zuri zaidi: "Na hawa wengine walitolewa wapi? Simjui hata mmoja, na hakuna anayekosea."

Walitolewa jukwaani. Sababu ya kwanza ni mahali na wakati. Katika miaka ya 1950, michezo ya televisheni mjini New York ilirushwa moja kwa moja, waigizaji wakiigiza papo hapo huku nchi nzima ikitazama. Ukisahau neno, umesahau mbele ya watu wote. Kazi ya namna hiyo ilihitaji watu waliozoea kuanza mchezo na kuumaliza bila kusimamishwa, na watu hao walikuwa palepale mjini, wakiishi kwa kazi ya Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya michezo. Hadithi hii yenyewe, iliyoandikwa na Reginald Rose, ilirushwa hivyo na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 20 Septemba 1954. Wawili katika waigizaji wa usiku ule, Joseph Sweeney na George Voskovec, walirudi na namba zao zilezile kwenye filamu. Hata mwongozaji, Sidney Lumet, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, alitoka huko huko: babake alikuwa mwigizaji wa tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, naye mwenyewe alipanda jukwaani tangu utotoni.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Bajeti ilikuwa dola 340,000 hivi, kidogo sana kwa Hollywood. Lumet aliwafanyisha mazoezi kwa majuma mawili, kisha akapiga picha zote kwa siku zisizozidi 20. Aliwezaje? Katika filamu kinachokula muda ni taa. Kila ukihamisha kamera kutoka upande mmoja wa meza hadi wa pili, taa zote hupangwa upya. Kwa hiyo taa zikishawekwa kumwelekea mtu wa kiti fulani, walipiga maneno yake yote ya kutoka kiti kile, ya mwanzo wa hadithi na ya mwisho, kabla ya kuhama. Fonda anatupa neno la kuchokoza leo, Lee J. Cobb, anayemjibu kwa ukali, anapigwa picha siku kadhaa baadaye. Sisi tunaotazama tunaona ugomvi wa pumzi moja.

Sasa Cobb atajuaje hasira yake iwe imefika kiasi gani? Kama hadithi haimo mwilini mwake, atapiga kelele mahali pa kunong'ona. Mchukue mpiga tari wa Maulidi, umwite asubuhi peke yake, umwambie apige pale katikati ya kasida panapoanza kuchanganya. Atapiga sawasawa, kwa sababu kasida nzima imo mikononi mwake. Yale majuma mawili ya mazoezi yaliwatia watu 12 kasida moja mikononi.

Sababu ya tatu ndiyo niliyoitundikia shuka. Jukwaani hakuna kamera ya kukuondoa ukishamaliza kusema. Mtazamaji humwangalia amtakaye, na akikukuta umelala macho wazi, mchezo umekufa. Mtu wa jukwaani hufundishwa kusikiza kwa mwili. Mtazame E. G. Marshall, namba 4. Chumba kinachemka kama Lamu wakati wa kaskazi, wenzake wamelowa mashati, yeye yuko na koti lake. Mmoja anamuuliza kama huwa hatoki jasho, anajibu hatoki. Baadaye sana Fonda anamhoji juu ya sinema aliyoitazama siku chache nyuma, na kumbukumbu zake zinaanza kumponyoka. Jasho linamtoka kwenye paji la uso, analifuta. Hakuna anayelitaja. Marshall hakuipata subira ile studio. Mwaka 1956 alikuwa Broadway akicheza Waiting for Godot, mchezo ambao karibu wote ni kungoja.

Mpwa wangu akataka kujua waliishia wapi. Wajuzi wa baraza husema mwigizaji asiyekuwa stelingi hupotea. Hawa hawakupotea, ila njia zao hazikufanana kabisa.

Cobb alikuja tayari ni mkubwa. Mwaka 1949 ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheza Willy Loman katika Death of a Salesman, mzee aliyevuka miaka 60, wakati yeye hajafika 40. Mwigizaji anayeruhusiwa kuzeeka kabla ya wakati wake hana haja ya kuogopa mvi. Ed Begley, namba 10 mwenye mafua na chuki, alipata Oscar kwa filamu ya mwaka 1962. Martin Balsam, msimamizi wa meza, alipata yake kwa filamu ya 1965, kisha tuzo ya Tony ya jukwaani mwaka 1968. Marshall alichukuliwa na Reginald Rose huyohuyo kuongoza tamthilia ya televisheni ya The Defenders, 1961 hadi 1965, ikampa tuzo mbili za Emmy. Hivi ndivyo kazi ya kundi inavyolipa: mwandishi aliyekuona ukifanya vizuri kitini hukukumbuka anapoandika jambo jingine. Na ilibidi ilipe hivyo, maana filamu yenyewe ilipotoka haikujaza majumba.

Voskovec ndiye aliyenishika mimi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa nusu ya watu wawili waliokuwa wakiuchekesha mji mzima wa Prague, kule Chekoslovakia, yeye na Jan Werich, katika jumba lao lililoitwa Osvobozené divadlo, maana yake jumba huru la michezo. Wanazi walipokaribia, alikimbilia Marekani mwaka 1939. Mwaka 1950, akirejea Marekani kutoka Ulaya, akazuiliwa miezi mingi katika kisiwa cha Ellis kwa kushukiwa siasa zake. Kisha ni huyu huyu aliyewekwa kwenye kiti cha namba 11, mhamiaji fundi wa saa, anayewaambia Wamarekani wenzake kwamba kuitwa raia wa kawaida kuamua hatima ya mtu wasiyemjua ni jambo la kujivunia. Msikilize analisema. Halisemi kama mtu aliyelikariri.

Jack Klugman, namba 5, ndiye aliyebaki wa mwisho kati ya wote 12. Alifariki Desemba 2012 akiwa na miaka 90. Televisheni ilimfanya maarufu kwa The Odd Couple, 1970 hadi 1975, lakini saratani ya koo ikamnyang'anya sauti, upasuaji ukafanywa mwaka 1989. Mwigizaji bila sauti! Akajifunza kusema upya kwa kile kilichobaki, sauti ya mkwaruzo, na mwaka 1993 akapanda jukwaani tena.

Na usidhani haya ni ya wazee wa kizungu pekee. Lupita Nyong'o wetu, alipokwisha kupata Oscar, alirudi jukwaani: mwaka 2016 alicheza Broadway katika Eclipsed, mchezo ulioandikwa na Danai Gurira. Miaka miwili baadaye wakawa pamoja ndani ya Black Panther, na mfalme mzee mle ndani ni John Kani wa Afrika Kusini, aliyetuzwa Tony pamoja na Winston Ntshona mwaka 1975. Kixhosa kinachosemwa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, kiliingia kwa ajili yake. Kundi lile zima lilipewa tuzo moja na chama cha waigizaji wa Marekani mwaka 2019.

Nikamwachia mwisho John Fiedler, namba 2, kwa sababu ndiye anayefanana na baharia wetu. Mdogo wa umbo, mwoga, sauti nyembamba kama ya kifaranga. Kuna mahali anawapa wenzake peremende za kikohozi. Mwenzake anapozitaka baadaye, anaambiwa, kwa upole wenye makali, kwamba zimekwisha. Hapo unaona mtu amepata uti wa mgongo. Sauti ile ndogo ikawa riziki yake: tangu 1968 mpaka alipofariki mwaka 2005, ndiye aliyekuwa sauti ya Piglet, kile kinguruwe kiwogawoga cha katuni za Winnie the Pooh.

Mpwa wangu hakuamini. Nikatafuta kipande kwenye simu, nikamwambia afumbe macho. "Ni yule wa peremende!" akapiga kelele, mpaka mamake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Tukarudisha nyuma mahali pa Fiedler anaposikiza tu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilipoanza kulishusha shuka akanishika mkono.

"Mjomba, tanga likipasuka, baharia hukimbilia kamba gani kwanza?"

Sikujua. Nikamwambia asubuhi ashuke gatini akawaulize wenye majahazi.