Ben Bradlee wa Washington Post: watu wanavyomjua na ilivyokuwa kweli

Mtaje Ben Bradlee kwa mtu anayefuatilia mambo ya magazeti, atakujibu faster, aah si yule mhariri aliyemng'oa rais wa Marekani, Richard Nixon. Hapo hapo ameshakosea mara mbili tatu, na sio kwamba ni mjinga, ndo stori ilivyosambaa. Tatizo watu wengi wanaamini mhariri mkubwa ni yule anayeandika sana au anayegombana sana na serikali, kumbe kwa Bradlee kazi kubwa ilikuwa kuamua nini kitoke, lini, na kubeba msala kikishatoka.

Tuanze na hili, eti stori za Watergate, ile kashfa iliyoishia kwa Nixon kujiuzulu, aliziandika yeye. Hapana bwana, yeye kipindi hicho alikuwa mhariri mtendaji, cheo alichokikamata 1968 mpaka alipostaafu 1991. Walioandika ni Bob Woodward na Carl Bernstein, na hao nao watu wanawachukulia kama mastaa wa siasa tangu mwanzo, wakati walikuwa vijana wa dawati la habari za mji, yaani polisi, mahakama na mambo ya manispaa. Woodward alikuwa na kama miezi tisa tu pale, Bernstein hata chuo hakumaliza, alianza kutumwatumwa kwenye chumba cha habari cha gazeti lingine akiwa na miaka 16. Na stori yenyewe ilianza kama ya wizi wa kawaida, usiku wa kuamkia 17 Juni 1972 polisi wamewanasa watu watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, basi. Ilipoanza kunona dawati la siasa likaitaka, ila wakubwa wakaiacha kwa wale vijana. Waliokuwa wanawasimamia kila siku ni Barry Sussman, Harry Rosenfeld na Howard Simons, majina ambayo leo karibu hakuna anayeyakumbuka, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma kubwa. Bradlee alikuwa anakuja juu yao na maswali yake, nani kakwambia, yeye kajuaje, mwingine nani, na kama haijaiva inarudi mezani.

Halafu kuna ya Deep Throat, jina la siri la mtu aliyekuwa anawapa habari, eti jamaa wa kwenye gereji ya chini ya ardhi ndo alikuwa anawapa kila kitu. Huyo ni Mark Felt, alikuwa namba mbili wa FBI na msaada wake mkubwa ulikuwa kuthibitisha na kuwaelekeza, habari zenyewe Woodward na Bernstein walizitafuta wenyewe, usiku walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kwa makarani na wahasibu wa kamati ya kampeni ya Nixon, wengine wanawafungia mlango usoni, wengine wanaogopa lakini wanaongea kidogo. Ule msemo maarufu wa kufuata pesa zinapoelekea, Felt hakuusema, umetoka kwenye filamu ya 1976. Na Bradlee wakati stori zinatoka alijua tu ni afisa wa ngazi gani, jina alikuja kuambiwa baada ya Nixon kujiuzulu, akalikalia kimya miaka zaidi ya 30 mpaka Felt mwenyewe alipojitokeza Mei 2005.

Kuna wanaosema pia gazeti halikuteleza hata mara moja. Waliteleza, na vibaya. Tarehe 25 Oktoba 1972, wiki mbili kabla ya uchaguzi, waliandika kwamba Hugh Sloan, aliyekuwa mweka hazina wa kampeni ya Nixon, ameliambia baraza la wazee wa mahakama kuwa Haldeman, mtu wa karibu kabisa na rais, alikuwa na mamlaka juu ya mfuko wa siri. Haldeman kweli alikuwa na hayo mamlaka, ila Sloan hakuyasema mbele ya baraza maana hakuulizwa. Ikulu ikawarukia siku nzima. Bradlee akakaa kwenye mashine yake ya kuchapa, mwishowe akatoa kauli fupi tu kwamba wanasimama na stori yao. Hapo ndo unaona kazi ya mhariri ilipo, maana angewatupa wale vijana siku ile mambo yangeishia palepale.

Sasa kumng'oa Nixon. Bradlee mwenyewe alikuwa anakataa hii sifa, alisema Nixon alijing'oa. Novemba 1972 Nixon alishinda majimbo 49, hizo stori zote zimeshatoka! Kilichomwangusha ni jaji John Sirica aliyewabana wale wezi, kamati ya seneta Sam Ervin iliyochunguza kashfa hiyo, Alexander Butterfield kufichua Julai 1973 kwamba rais anarekodi maongezi ofisini kwake, na mahakama ya juu kabisa ya Marekani kuamua majaji 8 kwa 0 tarehe 24 Julai 1974 kwamba kanda zitolewe. Tarehe 9 Agosti akaondoka. Mchango wa Post ni kuing'ang'ania stori miezi ile ambayo magazeti mengi yalikuwa yameshaipuuza.

Wengine wanamwona kama mtu aliyewachukia marais wote, hii ndo inachekesha zaidi. John Kennedy alikuwa rafiki yake na jirani yake Georgetown kabla hajawa rais, walikuwa wanakula pamoja Ikulu na wake zao, Bradlee akiwa jarida la Newsweek, yaani ripota anayeandika habari za rais ndo huyo huyo mgeni wake wa chakula cha usiku. Leo ungefanya hivyo ungesemwa mpaka ukome. Tena shemeji ya Bradlee, Mary Meyer, alikuwa na uhusiano na Kennedy, na Bradlee alisema hakujua mpaka huyo dada alipouawa 1964 na shajara yake ikasomwa. Mimi hapo namwamini nusu nusu.

Zile nyaraka za siri za Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, kuhusu vita ya Vietnam nazo watu wanampa yeye, wakati New York Times ndo walianza, 13 Juni 1971. Mahakama ikawazuia, Post wakazipata, waandishi wakajazana nyumbani kwa Bradlee kuzisoma huku mawakili wakisema subirini. Na aliyesema chapisheni sio Bradlee, ni Katharine Graham, mmiliki, kwa simu, ana wageni nyumbani kwake, na kampuni yake imeingia soko la hisa siku mbili tu nyuma. Angefungwa au angefilisika ni yeye. Bradlee alisukuma kwa nguvu zote, lakini uamuzi ulikuwa wa mama.

La mwisho ni wale wanaodhani baada ya Watergate hakukuwa tena na aibu. Septemba 1980 gazeti lilitoa stori ya mtoto wa miaka 8 anayedungwa heroini, ya Janet Cooke, polisi wakamtafuta huyo mtoto mji mzima wasimpate. Mhariri wa habari za mji wakati huo ni nani? Woodward huyohuyo. Aprili 1981 ikapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, ndo watu wakagundua wasifu wa Cooke una uongo, amedai lugha na digrii ambazo hana. Bradlee akamjaribu kwa Kifaransa, maana yeye aliishi Paris miaka mingi, dada akashindwa. Usiku huo akakiri mtoto hayupo, tuzo ikarudishwa. Bradlee akamwachia Bill Green, mtetezi wa wasomaji ndani ya gazeti, achunguze bila kuzuiwa, na ripoti yake ndefu ikachapwa kwenye gazeti lilelile, ikianzia ukurasa wa mbele, na lawama kwa wahariri wote waliopitisha stori ile, Bradlee akiwemo.